Mita Mia Tatu za Shamba la Wakfu



Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na masahaba zake wote. Ama baad.

Katika safu hii tumekwisha kuzungumzia daftari la wakfu na namna kamati za misikiti zinavyopaswa kulitunza. Wasomaji kadhaa wameuliza: je, siku hizi ambapo kila kijana ana simu yenye ramani, kuna haja gani ya kuhangaika na makaratasi ya zamani na mawe ya mipaka? Si inatosha kuandika namba za mahali na kuzihifadhi? Swali hili nitalijibu kwa kisa kilichotufika sisi wenyewe. Nakisimulia kwa idhini ya kamati na ya jirani yetu aliyekosewa, na nakiri tangu mwanzo kwamba mimi katibu ndiye niliyeshika kalamu.

Msikiti wetu una shamba la wakfu la ekari sita, lililowekwa miaka ya sabini na mzee mmoja, Allah amrehemu, ili mazao yake yasaidie madrasa. Shamba lilipimwa na mpima ardhi, na ramani yake ya upimaji ikahifadhiwa katika sanduku la bati pamoja na hati nyingine. Kwa miaka mingi hakuna aliyeifungua. Wazee waliokuwa wakijua mipaka kwa macho walilima, wakapanda minazi, wakafa mmoja baada ya mwingine.

Kisha ikaja barabara. Lami ilipoanza kumwagwa upande wa kaskazini wa eneo letu, bei ya ardhi ikapanda, na kamati ikaona ni busara nyaraka zote za wakfu ziingizwe kwenye kompyuta. Kijana wetu mmoja anayesoma chuo aliona pembeni mwa ile ramani jedwali la namba: kila pembe ya shamba ina namba mbili ndefu, moja ya mashariki na moja ya kaskazini. Wenye fani huziita koordineti, yaani jozi ya namba inayotaja mahali pamoja tu juu ya ardhi. Akaziingiza katika programu ya ramani kwenye simu yake.

Shamba likatokea kwenye kioo cha simu kwa umbo lile lile la pembe nne. Lakini halikuwa pale tunapolima. Lilikuwa mita mia tatu hivi kuelekea kaskazini, na kidogo upande wa magharibi, katikati ya mikorosho ya jirani yetu, kando kabisa ya barabara mpya.

Ndugu msomaji, jitie katika nafasi yetu. Ramani ni ya serikali, ina muhuri, na namba zimesomwa na setilaiti. Usiku ule katika kikao hakuna aliyeuliza kama namba zinaweza kusomwa vibaya. Tuliulizana kitu kingine: ni nani aliyewahamisha wazee wetu kutoka katika shamba lao halisi? Mmoja akasema wazee walikuwa hawajui kusoma, wakadanganywa. Mwingine akasema alikwisha kusikia minong'ono ya namna hiyo tangu utotoni. Ndani ya saa moja tulikuwa na dhulma, tuna mdhulumiwa na tuna mdhalimu.

Mdhalimu huyo alikuwa mama mjane. Mume wake ndiye aliyepanda mikorosho ile, na wakati msikiti unajengwa upya, maji ya kuchanganyia zege yalitoka katika kisima chake bila malipo. Hata hivyo niliandika barua. Niliandika kwamba ardhi anayoikalia ni mali ya wakfu, na kwamba anapewa siku thelathini kuleta vielelezo vyake. Nikaigonga muhuri wa kamati na nakala nikaipeleka ofisi ya kijiji.

Siku ya tatu akaja msikitini baada ya swala ya Alasiri, akasimama nje ya uzio na mfuko wa nailoni mkononi. Nilimwamkia, "Shikamoo, mama." Akaitikia, kisha akasema, "Mwanangu katibu, mimi kusoma sikujaaliwa. Lakini mawe ya mpaka niliyakuta siku nilipoletwa hapa bi harusi, na leo asubuhi nimeyapitia yote, yapo. Barua yako inasema yamehama. Njoo unioneshe yalikohamia."

Sikuwa na jibu.

Namba hizi zimehesabiwa kutoka wapi?

Imamu wetu ndiye aliyesema kwamba kabla ya hatua nyingine yoyote atafutwe mtu wa fani. Tukampata mzee mmoja, mpima ardhi mstaafu. Nilipompigia simu na kumweleza habari yote, hakuuliza habari za mama yule wala za wazee wetu. Aliuliza jambo moja tu: "Katibu, hiyo ramani yenu imeandikwa datamu gani?"

Nikamwambia sijui datamu ni nini. Akaniambia nichukue ramani na kusoma maandishi madogo kabisa chini ya jedwali. Yalikuwapo, kwa herufi ndogo ambazo sote tuliziruka: Arc 1960, Clarke 1880. Akacheka kidogo, kisha akasema, "Basi hakuna aliyeiba kitu. Simu yenu inahesabu kutoka mahali pengine."

Maneno haya yanahitaji maelezo, na sisi Waswahili tuna mfano ulio karibu nasi kuliko watu wengi duniani. Ukisema "tukutane saa mbili asubuhi," Mswahili anaelewa kwamba hesabu imeanza pale giza linapoondoka. Mgeni anayehesabu kutoka usiku wa manane ataita wakati ule ule saa nane. Hakuna aliyekosea, na jua ni moja. Lakini mgeni akiandika "saa mbili" yake katika daftari, nawe ukaisoma kwa hesabu yako, mtapishana kwa saa sita nzima, na kila mmoja ataapa kwamba mwenzake si mtu wa ahadi. Namba haitoshi mpaka ujue hesabu yake inaanzia wapi. Huo mwanzo wa hesabu, pamoja na umbo la dunia lililokubaliwa kuwa msingi wa hesabu hiyo, ndio wapima huuita datamu.

Dunia si mviringo kamili. Imebonyea kidogo kwenye ncha zake, na uso wake una milima, mabonde na mvuto usiolingana kila mahali. Mpima hawezi kukokotoa juu ya uso wenye mikunjo namna hiyo, kwa hiyo huchagua tufe laini lililobonyea, lenye vipimo maalumu, na kufanya hesabu zake juu yake. Kabla ya zama za setilaiti kila eneo lilichagua tufe lililolikaa vizuri, kama mtu anavyochagua kofia inayomtosha, na kulifunga kwenye nukta moja ya mwanzo iliyo juu ya ardhi.

Kwa upande wetu wa Afrika historia yake ni ndefu. Mwishoni mwa karne ya 19 David Gill, mtaalamu wa falaki aliyekuwa kule Cape, alihimiza upimaji wa mnyororo wa pembetatu kufuata mstari wa longitudo ya 30, kutoka kusini mwa bara mpaka Misri. Watu walipanda vilele vya milima, wakajenga nguzo, wakapima pembe kutoka kilele hadi kilele. Kazi hiyo ilipokezanwa vizazi na ikakamilika mwaka 1954. Kutokana nayo ukapatikana mfumo wa Arc 1960, uliotumika Tanzania, Kenya na Uganda. Nukta yake ya mwanzo ni Buffelsfontein, Afrika Kusini, na tufe lake ni lile lililokokotolewa na Mwingereza Alexander Clarke mwaka 1880. Ramani nyingi za mashamba na viwanja ambazo wazazi wetu walituachia zimejengwa juu ya msingi huo.

Simu yako haina habari na Buffelsfontein. Simu hupokea mawimbi ya setilaiti zinazozunguka dunia zikiwa umbali wa kilomita 20,000 na ushei kutoka ardhini, na huhitaji angalau setilaiti nne ili ijue ilipo. Setilaiti huzunguka kitovu cha uzito wa dunia yote, kwa hiyo hesabu yake inaanzia katikati ya dunia. Mfumo wa Marekani wa GPS unatumia datamu iitwayo WGS 84, ambayo tufe lake limetengenezwa liikae dunia nzima kwa pamoja.

Sasa tazama tofauti. Katika tufe la Clarke, umbali kutoka kitovu hadi Ikweta ni mita 6,378,249. Katika WGS 84 ni mita 6,378,137. Hapo zimepishana mita 112. Kubwa zaidi ni kwamba kitovu cha tufe la Arc 1960 hakikukaa katikati ya dunia, kimepotoka kwa zaidi ya mita 300. Matokeo yake ni kwamba katika ukanda wetu, namba za Arc 1960 zikisomwa kana kwamba ni za WGS 84, mahali hujitokeza kama mita 300 kaskazini ya pale palipo kweli, na kama mita 90 hivi magharibi yake.

Mita mia tatu kaskazini, na kidogo magharibi. Hicho ndicho kipimo cha dhulma tuliyomsingizia mama yule.

Mzee mpima alikuja siku ya Jumamosi na kifaa chake cha mkononi cha GPS. Akabadilisha mpangilio wake mbele yetu, kutoka WGS 84 kwenda Arc 1960, akaingiza namba za pembe ya kwanza na kuanza kutembea. Sisi wanakamati tulimfuata kimya kimya. Alivuka mikorosho ya mama bila kusimama, akashuka kusini, akaingia katika minazi yetu, akasimama kwenye nyasi ndefu. Akasema kifaa cha mkononi kinaweza kukosea mita kadhaa, tutafute hapo hapo. Jembe la pili tu liligonga zege. Lilikuwa bikoni la pembe, chuma kikiwa bado katikati yake. Mabikoni mengine matatu yalipatikana kabla ya Adhuhuri. Shamba la wakfu lilikuwa pale pale tulipokuwa tukililima miaka yote.

Tatizo la kale

Asidhani mtu kwamba jambo hili ni la mitambo ya leo peke yake. Wanazuoni wetu walikutana nalo zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Katika zama za Khalifa al-Ma'mun, aliyetawala kuanzia mwaka 813 hadi 833, wataalamu walitumwa katika uwanda wa Sinjar, Iraq, wakatembea kuelekea kaskazini na kusini wakipima ardhi mpaka urefu wa nyota ya kaskazini ubadilike kwa digrii moja, ili wapate ukubwa wa dunia. Al-Khwarizmi naye akaandika orodha ndefu ya miji, mito na milima pamoja na longitudo na latitudo zake.

Lakini longitudo inahesabiwa kutoka wapi? Wako waliomfuata Ptolemy wa Iskandaria na kuanzia visiwa vilivyo magharibi ya Afrika, ambavyo leo huitwa Canary. Wengine walianzia pwani ya magharibi ya bara lenyewe. Hesabu hizi mbili zilipishana kwa digrii kumi, na digrii kumi katika Ikweta ni zaidi ya kilomita 1,100. Mwanafunzi aliyechukua longitudo ya Makka katika jedwali la kwanza na ya mji wake katika jedwali la pili aliharibu Kibla cha mji wake, ingawa kila jedwali lilikuwa sahihi kwa msingi wake.

Abu Rayhan al-Biruni alilijua jambo hili vyema. Mwaka 1025 alikamilisha kitabu chake cha Tahdid nihayat al-amakin, ambacho kinahusu namna ya kupata mahali pa miji, na lengo lake kubwa lilikuwa kupata Kibla cha Ghazna. Hakukubali namba kwa sababu tu imeandikwa na mtu mkubwa. Aliuliza imepimwa vipi na inahesabiwa kutoka wapi, akalinganisha njia moja na nyingine.

Na hata mwaka 1884, pale wajumbe wa mataifa walipokutana Washington na kukubaliana kwamba mstari wa Greenwich, London, uwe mwanzo wa longitudo, jambo halikwisha. Mgeni anayesimama leo juu ya mstari ule uliooneshwa ardhini huko Greenwich na kutazama simu yake haoni sifuri. Sifuri ya setilaiti iko mita 102 mashariki yake. Chombo cha zamani kilisawazishwa kwa mvuto wa ardhi ya mahali pale, na mvuto huo umepinda kidogo. Setilaiti zinahesabu kutoka kitovu cha dunia.

Liko pia jambo la wakati. Ardhi yenyewe inatembea. Bara letu linasogea kuelekea kaskazini mashariki kwa kama sentimita mbili na nusu kila mwaka, na Australia inasogea kwa sentimita saba. Serikali ya Australia ilipohama kutoka mfumo wake wa mwaka 1994 kwenda ule wa 2020, koordineti za nchi nzima zilibadilika kwa takriban mita 1.8, na hakuna mwananchi aliyehama kitandani mwake. Ndiyo sababu mifumo ya kisasa hutaja na mwaka wa hesabu. Tarehe 26 Februari 2015 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio la kuzihimiza nchi zishirikiane katika msingi mmoja wa upimaji wa dunia. Tanzania nayo ina mfumo mpya, TAREF11, uliofungamanishwa na ule wa dunia. Lakini ramani ya zamani iliyo sandukuni haibadiliki yenyewe. Itaendelea kusema kwa lugha ya siku ilipoandikwa.

Je, Kibla chetu kimepotoka?

Baada ya kisa hiki kuenea, waumini wengi waliniuliza swali hilo kwa hofu: ikiwa ramani inaweza kukosea mita mia tatu, vipi swala zetu? Jibu ni kwamba waondoe wasiwasi. Kutoka pwani yetu hadi Makka ni zaidi ya kilomita 3,000. Kosa la mita 300 katika kujua ulipo hubadilisha upande wa Kibla kwa chini ya sehemu moja ya mia ya digrii, kiasi ambacho hakuna jicho linaloweza kukiona.

Kinachopotosha Kibla cha simu mara nyingi ni dira yake. Dira hufuata sumaku, na kaskazini ya sumaku inapishana na kaskazini halisi kwa digrii chache. Zaidi ya hayo, nondo za jengo, spika na hata kifuniko cha simu chenye sumaku huivuta pembeni. Jambo jingine ni kuiga upande wa mji mwingine. Aliye Dar es Salaam anaelekea karibu kaskazini kamili, akiegemea mashariki kwa kama digrii moja tu. Aliye Kigoma anaegemea mashariki kwa takriban digrii 20. Fundi aliyezoea misikiti ya pwani akienda kujenga Kigoma kwa mazoea, ataweka mihrabu vibaya.

Ikiwa familia inataka kuhakikisha upande wa swala nyumbani bila ya simu, njia ipo. Takriban tarehe 28 Mei kila mwaka, saa 6:18 mchana kwa saa zetu, jua huwa juu kabisa ya al-Ka'aba, na hivyo tena takriban tarehe 16 Julai, saa 6:27 mchana. Simamisha mti ulionyooka mahali pa wazi. Ukitazama kutoka ncha ya kivuli kuelekea shina la mti, umeelekea Kibla. Waiteni watoto waione. Ni somo la falaki lisilohitaji ada.

Tuliyojifunza

Mafunzo yafuatayo nayaandika kwa ajili ya kamati zenzetu, na kwa kila familia yenye shamba la urithi.

La kwanza, ukikuta namba za mahali katika hati yoyote, usiziguse mpaka uwe umesoma datamu yake, ukanda wake wa ramani na mwaka wa upimaji. Kama hayakuandikwa, namba hizo ni nusu ya habari.

La pili, anza na ardhi. Wapima wana kanuni ya zamani kwamba bikoni la asili ambalo halijasogezwa hutangulizwa mbele ya namba, kwa sababu namba ziliandikwa ili kulieleza bikoni. Sisi tulifanya kinyume. Tulikuwa na mabikoni manne chini ya nyasi zetu, tukaenda kutazama simu.

La tatu, ukihitaji kubadilisha namba kutoka mfumo wa zamani kwenda wa sasa, mpe kazi hiyo mpima aliyesajiliwa. Simu inafaa kukuonesha njia ya kwenda arusini. Mpaka wa mali ya yatima au ya wakfu ni amana ya uzito mwingine.

La nne, washuhudishe majirani. Siku mipaka inapohakikiwa, jirani awepo, aone, na jina lake liandikwe katika daftari la wakfu.

La tano ndilo lililoniuma zaidi. Sura ya al-Hujurat inatuamrisha kuihakiki habari kabla ya kuwadhuru watu kwa kutojua, tukaja kujuta. Nimeisoma aya hiyo chuoni, na nimeifundisha. Nilikuwa nikidhani inahusu habari inayoletwa na mtu mwovu. Kijana wetu si mwovu, na simu haina nia. Habari ile tuliipokea bila kuihakiki kwa sababu ilitupa kitu tulichokitamani: ardhi iliyo kando ya lami. Lau zile namba zingelionesha shamba letu limeingia baharini, tungelisema mara moja kwamba simu imekosea. Mtume (S.A.W.) ametuonya vikali kuhusu mtu anayechukua hata shibiri moja ya ardhi kwa dhulma. Sisi tulikuwa tunakwenda kuchukua ekari sita kwa jina la wakfu, tukidhani tunapata thawabu.

Jioni ya Jumamosi ile imamu na mimi tulikwenda kwa mama yule kuomba radhi. Alitukaribisha, akatupa maji. Nilimweleza habari ya hesabu mbili kwa mfano ule wa saa, naye akaelewa haraka kuliko nilivyoelewa mimi. Akatusamehe. Lakini aliweka sharti moja, na katika hilo alikuwa na akili kutuzidi sote.

Alisema, "Mwanangu, barua yako ya kwanza ina muhuri, na nakala yake iko ofisi ya kijiji. Mimi nitakufa, na wewe utakufa. Wajukuu wenu wataikuta barua ile, watasema bibi huyu alikuwa mwizi. Nataka barua ya pili nayo iwe na muhuri, na ikae faili lile lile."

Barua ya pili imeandikwa. Imetaja kosa letu, imetaja datamu, imetaja mabikoni manne na waliokuwapo siku yalipofukuliwa. Nakala iko ofisi ya kijiji, nyuma ya ile ya kwanza. Nyingine iko katika mfuko wake wa nailoni. Ya tatu tumeibandika ndani ya daftari la wakfu, pamoja na ramani, na juu yake nimeandika kwa wino mwekundu: "Namba hizi ni za Arc 1960. Asizisome mtu kwa simu kabla ya kumwona mpima."

Tunamuomba Allah (S.W.) atujaalie uadilifu katika amana tulizobeba, na atusamehe tulipoteleza. Wabillahi tawfiq.